Nani Alipika Viazi Vitamu vya Sikukuu ya Shukrani?

Kwenye meza nyingi za Wamarekani, Alhamisi ya nne ya Novemba, kuna bakuli moja linalozua ubishi kila mwaka. Ni viazi vitamu vilivyopondwa, vikachanganywa na siagi, maziwa, sukari na mdalasini, kisha vikaokwa vikiwa vimefunikwa mashmelo, zile peremende nyeupe laini kama sponji. Ni mboga au kitindamlo? Wenyewe hawajakubaliana. Mimi niliyelelewa kwa kiazi cha kuchemsha na chai ya rangi asubuhi, na futari ya viazi kwa tui la nazi mwezi wa Ramadhani, utamu haunisumbui. Kinachonisumbua ni hadithi inayosimuliwa kuhusu bakuli hilo.

Hadithi yenyewe huanzia 1917. Kampuni iliyouza mashmelo za Angelus ilimwajiri Janet McKenzie Hill, mwanzilishi wa Boston Cooking-School Magazine, atunge kijitabu cha mapishi. Zamani mashmelo zilitengenezwa kwa mkono na zilikuwa ghali. Viwanda vikashusha bei, sasa wakawa wanatafutwa walaji. Hill akaziweka, pamoja na mapishi mengine, juu ya viazi vitamu vilivyopondwa. Basi, biashara ikashika.

Ni kweli hayo, ila yanaishia juu juu tu, pale zilipo mashmelo. Chini yake kuna kiazi ambacho wengine walishakipika zamani sana.

Asili ya kiazi kitamu ni bara la Amerika. Waafrika waliopelekwa huko utumwani, wengi wakitoka Afrika Magharibi, walizoea kiazi kikuu. Kusini mwa Marekani wakakuta kiazi kitamu, wakakipika, na jina la kile cha kwao likakifuata: neno yam lina mizizi katika lugha za Afrika Magharibi. Miaka ya 1930 Louisiana ikalitumia jina hilo kutangaza viazi vyake vya rangi ya chungwa. Mpaka leo serikali ya huko inataka bidhaa iliyoandikwa yam iandikwe pia kuwa ni kiazi kitamu. Sisi Kiswahili kimetuepusha na mkanganyiko huo: kikuu ni kikuu, kitamu ni kitamu.

Sasa mfikirie Abby Fisher. Alizaliwa utumwani South Carolina, hakujua kusoma wala kuandika, lakini mwaka 1881 kitabu chake cha mapishi kilichapishwa San Francisco, maneno yake yakiandikwa na wengine. Humo kuna pai ya viazi vitamu: vichemshwe, vipondwe vingali moto, vitiwe siagi, mayai, maziwa na maji ya chungwa. Hiyo ni miaka 36 kabla ya kijitabu cha mashmelo. Mbona basi hadithi ianzie 1917?

Jibu langu ni kwamba kampuni ilikuwa na fedha za kuchapa na kutangaza. Wapishi wengi wa kizazi cha Fisher hawakuwahi kupata hata mtu wa kuwaandikia, na majina yao yamepotea ilhali chakula chao bado kinaliwa.

Ndiyo maana siku hizi nikikaa na mama zangu wakubwa jikoni nachukua daftari. Nauliza tui la kwanza linaingia saa ngapi, na nani aliwafundisha. Wananicheka, lakini jina la aliyewafundisha wananitajia.