Pádraig O'Keeffe: mwalimu aliyepoteza shule, akafundisha Kerry nzima

Mwaka 1920 Pádraig O'Keeffe alifukuzwa kazi. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya Glountane, karibu na Castleisland katika kaunti ya Kerry, kusini-magharibi mwa Ireland, na cheo hicho alikipokea kutoka kwa baba yake. Alipenda pombe, na ratiba ya shule ilimshinda. Hakurudi tena darasani. Kwa zaidi ya miaka 40, hadi alipofariki Februari 1963, alizunguka kwa miguu akifundisha fidla nyumba kwa nyumba. Kazi hiyo ndiyo iliyomweka katika historia ya muziki wa nchi yake.

Alizaliwa mwaka 1887. Muziki aliupata ujombani: Cal O'Callaghan, kaka wa mama yake, alikuwa mpiga fidla hodari, na kijana alikulia sana mikononi mwake. Kwao kulikuwa Sliabh Luachra, eneo la vilima na vinamasi mpakani mwa Kerry na Cork. Watu wa huko walicheza polka na slaidi, ngoma za mwendo wa haraka zinazomtaka mpigaji ashike mapigo bila kuyumba, maana wachezaji wakikosea hatua lawama ni yake.

Wanafunzi wake walikuwa watoto wa wakulima wadogo, na wengi hawakujua kusoma nota. O'Keeffe, aliyesomea ualimu, angeweza kuanza kwa kuwafundisha nota. Alichagua njia nyingine. Karatasi ya muziki ina mistari mitano, na kati ya mistari hiyo kuna nafasi nne. Nafasi hizo akazifanya nyuzi nne za fidla. Ndani yake aliandika tarakimu: 0 kwa uzi usiobanwa, na 1 hadi 4 kwa vidole. Mtoto aliyejua kuhesabu akawa anaweza kusoma wimbo mzima. Wapiga kodiani nao aliwatungia utaratibu wao, wenye tarakimu za vitufe pamoja na alama za kuvuta na kusukuma. Aliandika wimbo, akaupiga wausikie, akapokea ujira wake mdogo, akashika njia kuelekea nyumba nyingine.

Simulizi nyingi zinazomhusu ni za baa: ulevi wake, maneno yake makali, usiku wake mrefu. Ni kweli alikunywa, na alikufa bila mali. Lakini anayeishia hapo anampunja. Karatasi zile zilitunzwa na familia za wanafunzi kwa miongo, na kuzitazama ni kuona akili ya mwalimu halisi, aliyejiuliza kwanza mwanafunzi anajua nini, ndipo akaanzia hapo.

Matunda yake yanajulikana kwa majina. Denis Murphy na dada yake Julia Clifford, wa Gneeveguilla, walijifunza kwake, na mwaka 1969 walitoa albamu ya The Star Above the Garter, ambayo hadi leo wapiga fidla huitumia kama kipimo cha mtindo wa Sliabh Luachra. Johnny O'Leary aliupeleka muziki huohuo kwenye kodiani. Umaskini wa Kerry uliwatawanya vijana wake, nao wakaondoka na nyimbo za mwalimu: Clifford akaishi London miaka mingi, Paddy Cronin akahamia Boston.

Yeye mwenyewe hakwenda popote, dunia ndiyo iliyomfuata. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Séamus Ennis, mpiga zumari na mkusanyaji wa nyimbo, alimrekodi kwa ajili ya redio ya taifa ya Ireland, kisha akarudi mwaka 1952 kwa niaba ya BBC. Tunashukuru alifika mapema, kwani bila safari zile tungebaki na karatasi bila sauti. Katika rekodi hizo O'Keeffe hupiga polka kwa wepesi, lakini anapogeukia nyimbo za maombolezo upinde unakwenda taratibu, na hapo ndipo naona ukubwa wake wote.

Tangu mwaka 1993 Castleisland huandaa tamasha lenye jina lake kila Oktoba. Asiyeweza kufika huko aitafute Kerry Fiddles, albamu iliyotolewa mwaka 1977 kutokana na rekodi za 1952. Humo mwalimu anapiga pamoja na wanafunzi wake wawili, Murphy na Clifford.