UPE: Haraka ya Tanzania na Somo la Uswidi

Hapa Skärholmen mtoto akifika umri wa kuanza shule, mzazi haulizwi ada wala dawati. Vitabu hutolewa bure, na chakula cha mchana pia. Ndiyo maana katika mijadala yetu swali hili hujirudia: kwa nini Afrika Mashariki imeshindwa kumpatia kila mtoto elimu bora? Nadhani swali hilo linasahau historia, ya kule na ya hapa.

Kituo cha Skärholmen kilifunguliwa mwaka 1968. Mwaka uliotangulia, Machi 1967, Mwalimu Nyerere alikuwa ametoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Wakati huo serikali ilitarajia kwamba watoto wote wa Tanzania wangepata nafasi ya shule ya msingi ifikapo mwaka 1989. Lakini Novemba 1974 TANU ilikutana Musoma, ikaamua kutosubiri: lengo lifikiwe Novemba 1977. Miaka 15 ikawa 3.

Kwa idadi, mafanikio yalikuwa makubwa. Wanafunzi wa shule za msingi waliongezeka kutoka takriban milioni 1.2 mwaka 1974 hadi takriban milioni 3.5 mwaka 1981. Vijiji vilijenga madarasa kwa nguvu zao wenyewe.

Tatizo lilikuwa walimu. Vyuo vya ualimu visingeweza kutoa idadi iliyotakiwa, hivyo vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa, wakajifunza ualimu huku wakifundisha, wakisaidiwa na masomo kwa njia ya posta na redio. Watani wakayapa maneno UPE maana mpya: "Ualimu Pasipo Elimu". Utani huo uliwaumiza watu waliobeba mzigo ambao taifa halikuwa na mwingine wa kumtwika.

Kisha mambo yakaharibika. Bei ya mafuta ilipanda, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikala fedha, na miaka ya 1980 ikaja na madeni na masharti ya wakopeshaji. Michango ya wazazi ikarudi, vitabu vikaadimika, na kiwango cha uandikishaji kikashuka.

Sasa tuitazame Uswidi. Sheria ya shule ya mwaka 1842 iliitaka kila parokia iwe na shule angalau moja yenye mwalimu aliyesomea kazi hiyo, na ikatoa muda wa miaka 5 tu. Miongo kadhaa baadaye bado kulikuwa na walimu waliohama kutoka kijiji hadi kijiji, na watoto wadogo wengi walifundishwa na watu wenye mafunzo mafupi sana. Uswidi nayo ilikuwa na "walimu wa UPE" wake. Tofauti ni kwamba ilipata muda na uchumi uliokua, ikaweza kurekebisha kasoro hatua kwa hatua. Tanzania ilinyimwa vyote viwili.

Historia hizi mbili zilikutana pia. Uswidi ilichangia fedha za elimu Tanzania, na Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza mwaka 1975, vilifuata mfano wa vyuo vya watu wazima vya Uswidi. Vyuo hivyo bado vipo.

Je, Musoma walikosea? Sidhani. Kusubiri hadi 1989 kungewaacha nje mamilioni ya watoto ambao utoto wao usingewasubiri. Kosa lilikuwa kudhani kwamba kumwandikisha mtoto ndiyo kumaliza kazi. Kasoro hiyo ilijitokeza tena ada ilipofutwa miaka ya mwanzo ya 2000: wanafunzi walifika takriban milioni 7.5 mwaka 2005, na madarasa yakafurika. Kenya nayo ilikumbana na msongamano kama huo baada ya 2003.

Napendekeza mdahalo ujao wa klabu uwe na mada hii: nchi maskini ianze na mlango au na mwalimu? Mimi nitasimama upande wa mlango, kwa sharti moja: mwalimu asiachwe peke yake ndani.