Japchae: Chakula Kilichobadilika, Jina Likabaki

Katika zoezi moja la tafsiri mwanafunzi wangu aliandika kwamba japchae, chakula cha Wakorea, ni "mboga mchanganyiko". Nilimpunguzia alama, kwa kuwa picha iliyokuwa katika matini ilionyesha sahani iliyojaa tambi. Baadaye nilianza kuchunguza historia ya chakula chenyewe.

Japchae hupikwa nyumbani siku za sikukuu na harusi. Tambi zake hutokana na wanga wa viazi vitamu, na zikiiva hupitisha mwanga kama kioo. Mpishi huzichemsha kwa dakika sita au saba, huzisuuza kwa maji baridi zisishikane, kisha huzikata kwa mkasi. Karoti, vitunguu, uyoga na nyama ya ng'ombe hukaangwa kila kimoja peke yake, na hapo ndipo penye kazi. Vyote huchanganywa na spinachi, sosi ya soya, sukari kidogo na mafuta ya ufuta, yaani simsim yetu.

Sasa tulitazame jina. Jap ni mchanganyiko, chae ni mboga. Tambi hazimo!

Husimuliwa kuwa afisa Yi Chung alimpelekea japchae mfalme Gwanghaegun, aliyetawala kuanzia 1608 hadi 1623, na mfalme akampandisha cheo hadi uwaziri. Watu walimtungia ubeti wa kejeli kwamba uwaziri wake ulitoka jikoni. (Washairi wetu wa malumbano wangemwelewa mtunzi huyo.) Msomaji wa leo humwona mfalme akivuta tambi kwa vijiti. Anakosea. Kitabu cha mapishi cha Jang Gye-hyang, mwanamke aliyeandika kwa herufi za Kikorea takriban mwaka 1670, kinaeleza japchae ya mboga nyingi, uyoga na nyama ya ndege, bila tambi. Aidha, viazi vitamu, ambavyo asili yake ni Amerika, viliingizwa Korea mwaka 1763 na mjumbe Jo Eom kutoka Japani. Hapo ilikuwa imepita miaka 140 tangu mfalme yule apinduliwe.

Tambi ziliingia katika japchae karne ya 20. Kiwanda cha kuzitengeneza kilianzishwa Sariwon, kaskazini mwa Korea, mwaka 1919. Huitwa dangmyeon, "tambi za Tang", na Tang hapa ina maana ya China tu, si nasaba ile iliyokoma mwaka 907. Zilikuwa rahisi na zinashibisha. Polepole mboga zikawa kiungo.

Wachina wenyewe hutumia zaidi choroko. Tambi zao mashuhuri huitwa Longkou, lakini chimbuko lake ni Zhaoyuan; Longkou ni bandari zilimopakiwa melini. Wajapani nao huziita harusame, yaani mvua ya majira ya kuchipua, na sisi tuna neno ambalo pia ni wingi wa utambi wa taa. Kumbe hakuna aliyeangalia kilichomo ndani. Kila mmoja aliangalia umbo, au njia bidhaa iliyopitia.

Mwanafunzi yule alitafsiri jina kwa usahihi, na picha ilionyesha chakula kwa usahihi. Nimemrudishia alama zake mbili, ila nimemtaka aongeze tanbihi.