KUMBE TABORA WALIKUWA NA SOFA YA RANGI TULIVU TANGU ENZI ZA MISAFARA!

Ukiingia mtandaoni leo, kila sebule kali ina sofa ya krimu, ya kijivu au ile rangi ya udongo mkavu. Mito miwili mitatu ya rangi, zulia chini, ua la chungu pembeni, picha imeisha. Wengi wanadhani ni mtindo mpya ulioshuka jana kutoka Ulaya.

Sasa toka pale Cheyo, Tabora mjini, nenda kilomita chache tu hadi Kwihara. Utakuta tembe la zamani ambalo leo ni makumbusho, nyumba ya udongo aliyokaa David Livingstone mwaka 1872. Nyumba za aina hiyo ndizo zilikuwa na sofa ya rangi tulivu kabla babu wa babu yako hajazaliwa. Tena haikuwa ya kitambaa. Ilikuwa ya udongo.

Sofa ya udongo, mito ya udongo

Novemba 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walifika Kazeh, makazi ya wafanyabiashara Waarabu huko Unyanyembe, ambako leo ni Tabora. Walikuwa wametembea zaidi ya miezi minne kutoka pwani. Burton aliandika kila alichokiona, na mwaka 1860 akatoa kitabu. Bahati nzuri jamaa alikuwa mbea wa nyumba za watu.

Anasema mbele ya tembe kulikuwa na kibaraza kipana cha udongo chini ya kivuli. Wanaume walikaa hapo asubuhi kukiwa na ubaridi na jioni jua likipoa. Hapo hapo walisali, walipiga soga, walimaliza biashara.

Ukipita mlango mzito wa mbao unaingia chumba cha wageni. Fanicha? Mabenchi mawili tu ya udongo, moja kulia, moja kushoto. Na mwisho wa kila benchi udongo ulikuwa umefinyangwa umbo la mto. Yaani sofa na mito yake, vyote udongo, rangi moja.

Wageni wakitarajiwa ndipo mambo yanabadilika. Inatandikwa mikeka, halafu juu yake mazulia mazuri. Chumba kilichokuwa kimepoa kinawaka rangi.

Siri ya sofa ya rangi tulivu ni hiyo hiyo. Kile kikubwa kinabaki kimya, rangi inaletwa na vitu vinavyokunjwa na kutandikwa. Ukichoka, unabadilisha kitandiko, sofa haiguswi.

Kila kitu kilikuja kichwani

Kwa nini walipanga hivyo? Si kwa sababu walikuwa na jicho la mitindo tu. Ni barabara ndiyo iliyoamua.

Kutoka Bagamoyo hadi Tabora hakukuwa na gari wala reli, na wanyama wa kubeba mizigo walikufa kwa mbung'o. Mzigo ulibebwa na mtu, kichwani au begani, kama kilo 30 hivi kwa kila pagazi. Henry Morton Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871, alitumia siku 84 kufika. Hebu mbebeshe mtu kochi la watu watatu kwa siku 84!

Lakini zulia linakunjika. Birika linaingia kwenye furushi. Sinia zinapangwa moja juu ya nyingine. Ndiyo maana Stanley aliwakuta matajiri wa Tabora wana mazulia ya Uajemi, matandiko ya kifahari, vyombo vya fedha vya chai na kahawa, na sahani za shaba zenye nakshi. Fahari yote ya sebule ilikuja kwa vipande vinavyobebeka.

Wabebaji wengi walikuwa Wanyamwezi, vijana waliolipwa kwa kitambaa. Kitambaa chenyewe kilikuwa pesa. Kulikuwa na merikani, pamba isiyopaushwa ambayo kwa miaka mingi ilifumwa kwenye viwanda vya Massachusetts, Marekani, na jina likatokea huko. Rangi yake? Krimu. Na kulikuwa na kaniki, buluu iliyokolea hadi inakaribia nyeusi. Vitambaa hivyo vililipa mishahara, vilinunua chakula njiani, vililipa hongo kwa watawala ili msafara upite.

Kwa hiyo siku ukiona mto wa buluu nzito juu ya sofa ya krimu, ujue hapo ni kaniki juu ya merikani. Tabora walishazizoea hizo rangi mbili zamani.

Mnyororo mlangoni

Sasa kuna kitu ambacho picha nzuri haionyeshi.

Burton anasema ule mlango mzito ulikuwa na minyororo minene kama ya meli, na anataja sababu: ndani kulikuwa na watumwa. Misafara ile haikubeba pembe za ndovu peke yake. Watu pia waliuzwa na kununuliwa, wengine wakapelekwa pwani, wengine wakabaki hapo hapo kutumika majumbani.

Burton anamtaja kwa jina mwenyeji wake, Snay bin Amir, na anamsifu kwa ukarimu. Lakini yule aliyekanda ule udongo na kulainisha ile mito hatajwi. Aliyetandika mazulia mgeni alipobisha hodi, hatajwi. Huenda alikuwa dada wa miaka kumi na nane aliyetolewa mbali sana na kwao. Chumba kilikuwa tulivu kwa mgeni aliyekalishwa. Kwa yeye aliyefungiwa na mnyororo, hapana.

Utumwa Tanganyika ulifutwa kabisa kisheria mwaka 1922. Siyo mbali kihivyo.

Treni ikaleta vizito

Mwaka 1912 reli kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Kuanzia hapo kitu kizito kingeweza kusafiri bila kuvunja shingo ya mtu. Na mbao nzuri zilikuwa tayari nyumbani, maana mninga wa Tabora unajulikana nchi nzima.

Baadaye wakaja akina mama na vile vitambaa vya kufuma kwa mkono, vinavyotandikwa mgongoni mwa makochi. Vijana wa sasa wanavicheka. Lakini angalia vizuri: kochi lilikuwa la kahawia miaka kumi, vitambaa vilifuliwa na kubadilishwa sikukuu ikija. Ni akili ile ile ya benchi la udongo na zulia.

Kwa sebule yako

Chukulia umepanga Cheyo, chumba na sebule, na umejikusanya ukanunua sofa moja. Fanya hivi:

- Usichukue krimu nyeupe sana. Vumbi litakuumbua. Chukua rangi ya udongo, na kama inawezekana yenye kava linalovuliwa na kufuliwa.
- Chagua rangi mbili tu, zirudie mahali patatu: mito, pazia, zulia. Buluu ya kaniki na rangi ya shaba zinakaa vizuri.
- Foronya za kitenge ni bei rahisi na zinabadilisha chumba kwa dakika tano.
- Mkeka wa ukindu chini, kameza kadogo ka mninga, na sinia ya shaba kama bibi anayo kabatini. Muombe kwa adabu.
- Acha nafasi ya kupita. Wale wa zamani waliweka mabenchi pembeni, katikati pakawa wazi.

Na kuna moja la bure. Fundi akikuletea sofa, muulize jina lake. Mama aliyesuka mkeka, muulize pia. Vijana waliolipandisha sofa hadi ndani wape maji na uwalipe walichokubaliana nanyi, siyo pungufu. Mgeni akisifia sebule, uwe na majina ya kumtajia.