Zebaki usoni: karne moja ya krimu za kujichubua

Baadhi ya sabuni na krimu za kung'arisha ngozi zimekuwa zikiuzwa na onyo dogo lililobanwa pembeni mwa maelezo ya matumizi: vua vito, usiache bidhaa hii iguse dhahabu, fedha wala aluminiamu. Mnunuzi wa kawaida hulipita onyo hilo. Mchimbaji mdogo wa Geita angelielewa papo hapo, kwa sababu anajua ni kitu gani kinachong'ang'ania dhahabu kikiigusa. Ni zebaki. Shirika la Afya Duniani limelitaja onyo la namna hiyo kuwa mojawapo ya dalili kwamba ndani ya sabuni au krimu kuna zebaki, hata kama jina lake halikuandikwa popote.

Zebaki ilikwishaingia kwenye vyombo vya urembo karne nyingi kabla ya kufika kwenye maduka yetu. Wanawake wa matabaka ya juu huko Ulaya walijipaka pia unga mweupe wa madini ya risasi, na Maria Gunning, mke wa Lodi wa Coventry aliyesifiwa London nzima kwa uzuri, alifariki mwaka 1760 akiwa bado kijana, kifo ambacho watu wa zama zake walikihusisha na unga huo. Lakini risasi ilifunika ngozi tu. Ikioshwa, rangi ya mtu ilirudi. Zebaki huingia ndani na kuzuia rangi isitengenezwe, na hapo ndipo biashara kubwa ilipozaliwa.

Rangi ya ngozi zetu hutokana na melanini. Mwili huitengeneza kutokana na tirosini, kitu kinachopatikana kwenye protini tunazokula, na kazi hiyo huanzishwa na kimeng'enya kiitwacho tirosinesi ambacho katikati yake kimebeba shaba. Bila shaba hiyo hakifanyi kazi. Zebaki inapopenya ngozini hukivuruga kimeng'enya hicho na kuipokonya shaba nafasi yake, na chembe mpya za ngozi zikaanza kupanda juu zikiwa na melanini kidogo. Baada ya wiki chache mtu hujiona amekuwa mweupe. Melanini iliyopotea ndiyo iliyokuwa kinga yake dhidi ya jua.

Huko Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, krimu zenye zebaki iliyochanganywa na amonia zilitangazwa kwa wanawake wa Kizungu waliotaka kuondoa madoadoa ya jua usoni. Utengenezaji wake haukuhitaji ustadi mkubwa: poda nyeupe ya zebaki ilikorogwa ndani ya mafuta ya mgando, ikatiwa manukato, ikafungwa kwenye kopo. Haukupita muda, makopo hayohayo yakaanza kutangazwa kwa Wamarekani Weusi, safari hii kwa ahadi nyingine, kwamba weupe utamfungulia mtu milango ya kazi na ndoa. Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, ambako rangi ya mtu iliamua aishi wapi na apande basi gani, ilikuwa soko lililokwisha kuandaliwa na sheria. Ndugu mapacha Abe na Solly Krok walitajirika huko kwa krimu hizi. Wapenzi wa soka wa Afrika Mashariki wanaijua vizuri Mamelodi Sundowns. Kwa miaka kadhaa klabu hiyo ilikuwa mikononi mwa familia ya Krok.

Krimu zilipanda kaskazini hadi Lusaka, Nairobi na Dar es Salaam, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizozikemea mapema. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ikipiga marufuku vimini, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua kuanzia mwaka mpya wa 1969. Hoja iliyotolewa ilikuwa utamaduni na heshima ya Mwafrika. Nionavyo, uzito wa hoja hiyo uliharibiwa na namna ilivyotekelezwa, kwa vijana kuwavizia wanawake barabarani na kuwadhalilisha kwa ajili ya mavazi yao. Krimu iliwekwa kapu moja na kimini, na mtu angeweza kudhani kwamba madhara ya vyote viwili ni ya kimaadili tu. Hakuna aliyezungumzia figo.

Waliozungumzia figo ni madaktari wa Nairobi. Walikuwa wakipokea watu wazima waliovimba uso na miguu, mkojo wao ukiwa umejaa protini iliyotakiwa kubaki kwenye damu. Figo zilikuwa zinavuja. Kwa kawaida ugonjwa wa aina hiyo hutafutiwa chanzo kwenye malaria au maambukizi mengine, lakini madaktari hawa waliuliza pia swali ambalo wengine hawakuliuliza: unajipaka nini? Kati ya wagonjwa 60 waliochunguzwa, 32 walikiri kwamba walitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye asilimia 5 hadi 10 ya kiambato cha zebaki, kiwango kilichozidi kwa mbali matumizi ya wagonjwa wengine hospitalini. Ripoti yao ilichapishwa mwaka 1972 katika jarida la madaktari wa Uingereza. Ilieleza pia kwamba baadhi ya wagonjwa walipoacha krimu, ugonjwa wao ulitulia.

Ripoti hiyo inastahili kujulikana na kila muuza vipodozi wa Kariakoo na River Road. Ushahidi ulipatikana hapa kwetu, kwenye miili ya watu wetu. Mwaka uliofuata, 1973, Marekani ilipiga marufuku zebaki katika vipodozi, isipokuwa kiasi kidogo mno cha kuhifadhi bidhaa za macho. Jumuiya ya nchi za Ulaya ya Magharibi ilifuata mwaka 1976. Lakini sheria hizo ziliwalinda walaji wa ndani. Viwanda vya Uingereza na Ireland viliendelea kutengeneza sabuni zenye zebaki na kuzipakia melini kuja Afrika katika miaka ya 1980, miaka mingi baada ya sumu hiyo kukatazwa kwenye ngozi za wenyeji wa huko. Waliozisafirisha walijua kwa nini haziuziki kwao.

Wakati huo kiambato kingine kilikuwa kimeshika soko, haidrokwinoni, na chanzo chake ni ajali ya kazini. Mwaka 1939 madaktari wa Marekani walieleza kisa cha wafanyakazi wa kiwanda cha kusindika ngozi ambao mikono yao ilipata mabaka meupe. Mabaka yaliishia pale glavu zao za mpira zilipoishia. Mpira huo ulitiwa kemikali ya ukoo wa haidrokwinoni ili usichakae haraka. Kilichokuwa jeraha la kazini kikageuzwa wazo la biashara, na miaka ya 1960 haidrokwinoni yenyewe, ambayo mafundi picha waliitumia kusafishia filamu, ilikuwa imeingia kwenye tyubu za urembo.

Umbo lake linafanana na la tirosini, hivyo kimeng'enya hudanganyika na kuishughulikia badala ya kutengeneza melanini. Wataalamu wa vipodozi huiona kuwa malighafi sumbufu. Ikikutana na hewa na mwanga hubadilika rangi, ikawa kahawia, kwa hiyo lazima itiwe chumvi za salfaiti za kuizuia isiharibike na ifungwe kwenye tyubu isiyopitisha mwanga. Krimu nyeupe iliyoanza kuwa kahawia kwenye meza ya muuzaji aliye juani tayari imegeuka kuwa kemikali nyingine, kali zaidi kwa ngozi.

Mwaka 1975 daktari wa ngozi wa Pretoria, George Findlay, na wenzake walieleza walichokiona kwa wanawake waliotumia haidrokwinoni kwa miaka. Mashavu na maeneo yanayozunguka macho yalikuwa yamegeuka rangi ya bluu iliyokolea, yakiwa na vipele vidogo vigumu. Chini ya hadubini, sehemu ya ndani ya ngozi ilionyesha nyuzi nene za rangi ya manjano na kahawia, zilizopinda kama ndizi. Ugonjwa huo huitwa okronosisi, na kuutibu ni kazi ngumu sana. Ukatili wake ni kwamba humsukuma mgonjwa arudi kwenye krimu ileile: anapoona uso unakuwa mweusi huongeza dozi, na dozi huongeza weusi.

Afrika Kusini ilijaribu kwanza njia ya katikati, ikaweka kikomo cha asilimia 2 mwaka 1980. Wagonjwa hawakuacha kuja. Madaktari wa ngozi wakaungana na wanaharakati waliolelewa katika mawazo ya Steve Biko ya Mwafrika kujithamini, na mwaka 1990 nchi hiyo ikapiga marufuku haidrokwinoni katika vipodozi na kukataza bidhaa yoyote kujitangaza kwamba inachubua. Umoja wa Ulaya uliiondoa haidrokwinoni kwenye krimu za kung'arisha ngozi karibu miaka 10 baadaye. Hapa, angalau mara moja, Afrika ilitangulia.

Mwaka 1975, mwaka uleule wa ripoti ya Pretoria, huko Philadelphia, Albert Kligman, daktari ambaye majaribio yake kwa wafungwa wa gereza la Holmesburg yamebaki doa katika historia ya tiba, alichapisha pamoja na mwenzake fomula ya kuondoa rangi ya ngozi: haidrokwinoni asilimia 5, asidi itokanayo na vitamini A asilimia 0.1, na deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, asilimia 0.1. Kila kiungo kilikuwa na kazi. Asidi iliharakisha kubanduka kwa ngozi ya juu, steroidi ikatuliza mwasho ulioletwa na vile viwili. Mkononi mwa daktari, kwa wiki chache, mchanganyiko wa namna hiyo hutibu madoa sugu usoni. Mkorogo, yaani mchanganyiko wa kujichubua unaouzwa vibandani, umefuata mantiki hiyohiyo bila daktari wala kipimo, mara nyingi kwa klobetasoli, steroidi yenye nguvu kuliko karibu zote za kupaka. Mtumiaji haoni mwasho, hivyo hudhani ngozi imeipokea dawa. Kumbe inakuwa nyembamba, mishipa inaanza kuonekana, na kidonda cha kawaida kinakawia kupona.

Zebaki nayo haikuondoka. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Masazumi Harada, daktari wa Kijapani aliyetumia maisha yake kuwahudumia waathirika wa sumu ya zebaki wa Minamata, alifika Kanda ya Ziwa kupima nywele za wachimbaji dhahabu, wavuvi na wakazi wa Mwanza. Swali lake lilikuwa kama zebaki ya migodini imeingia kwenye samaki na watu. Viwango vya juu kupita vyote vilitoka kwa baadhi ya wavuvi, familia zao na watu wa Mwanza, na chanzo alichokitaja ni sabuni ya kuogea. Alifanya utafiti kama huo upande wa Kenya, akatoa onyo lilelile.

Tanzania iliunda mamlaka ya chakula, dawa na vipodozi mwaka 2003, ikakataza zebaki, haidrokwinoni na steroidi kwenye vipodozi. Tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Mkataba wa dunia kuhusu zebaki, uliopewa jina la Minamata na kupitishwa mwaka 2013, ulikataza vipodozi vyenye zaidi ya sehemu moja ya zebaki katika milioni kufikia 2020. Kikomo hicho kiliwapa watengenezaji mwanya wa kujitetea na kuwatwisha wakaguzi wasio na vifaa kazi ya kupima kila kopo. Nchi za Afrika zilipendekeza kiondolewe, na mkutano wa Geneva wa mwaka 2023 ukakubali: kufikia 2025, kipodozi chochote kilichotiwa zebaki, hata chembe, kisitengenezwe wala kuvushwa mpaka kibiashara. Mkataba huo haugusi haidrokwinoni wala klobetasoli. Hizo zimeachwa kwa sheria za kila nchi, na tyubu ya klobetasoli, ambayo ni dawa halali ya ukurutu na soriasisi, bado hununuliwa kwenye maduka mengi ya mitaani bila cheti cha daktari.