Mgeni Aliyepewa Jembe: Historia ya Kugawana Kumbukumbu katika Mashine Pepe

Mashine pepe ni kompyuta isiyo na mwili wake yenyewe, kwa maana ni programu inayoigiza prosesa, kumbukumbu na diski ili mifumo endeshi kadhaa ikae ndani ya kompyuta moja, kila mmoja ukiamini kuwa umetengewa mashine nzima. Mfumo unaokaa humo huitwa mgeni, na programu inayowagawia wageni nafasi huitwa msimamizi. Utaratibu huo ulianza katika miaka ya 1960 kwenye kituo cha IBM mjini Cambridge, Marekani, ambako ilijengwa mifumo ya CP-40 na kisha CP-67. Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg waliuwekea sharti: kila amri ya mgeni inayogusa hali ya mashine lazima imrudishie msimamizi mamlaka.

Prosesa za x86, zilizoenea baadaye katika kompyuta za mezani, hazikutimiza sharti hilo, kwani uchambuzi uliochapishwa mwaka 2000 ulibaini amri 17 za Pentium zilizompita msimamizi bila yeye kujua. Kampuni ya VMware ilikuwa imeikabili kasoro hiyo mwaka 1999 kwa kuzitafsiri amri za mgeni papo hapo, bila kumbadilisha mgeni mwenyewe, lakini mzigo ukahamia kwenye kumbukumbu. Kila mfumo endeshi hutunza majedwali ya kurasa, yanayoonyesha anwani inayotumiwa na programu iko wapi katika kumbukumbu. Na kwa kuwa majedwali ya mgeni huelekeza kwenye kumbukumbu ya kuigiza, msimamizi alilazimika kutunza majedwali kivuli yenye anwani halisi na kuyarekebisha kila mgeni alipobadilisha yake.

Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, safari hii Cambridge ya Uingereza, walitangaza programu ya usimamizi ya Xen, iliyofuata njia ambayo mradi wa Denali wa Chuo Kikuu cha Washington ulikwisha kuiita paravachualaizesheni: mgeni hafichwi hali yake, bali hurekebishwa ili amwombe msimamizi kile ambacho hawezi kukifanya mwenyewe. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na jembe hilo lilikuwa majedwali ya kurasa, ambayo mgeni aliruhusiwa kuyasoma moja kwa moja, ila mabadiliko aliyakusanya na kuyawasilisha kwa pamoja yakaguliwe. Kazi ya kuirekebisha Linux ilihitaji mistari 2,995 tu ya msimbo, na kasi ilikaribia ile ya mashine halisi. Gharama yake ni kwamba mfumo ambao msimbo wake umefungwa haukuweza kurekebishwa bila ridhaa ya mwenye mali.

Watengenezaji wa prosesa nao waliziba pengo, Intel mwaka 2005 na AMD mwaka 2006, kisha wakaongeza ngazi ya pili ya majedwali inayosomwa na prosesa yenyewe, hivyo majedwali kivuli yakakosa kazi. Hata nafuu hiyo ina bei: anwani isiyokuwamo katika akiba ya prosesa, ambayo zamani ilitafutwa kwa hatua 4, sasa yaweza kuhitaji hatua 24.

Hata hivyo, liko jambo ambalo prosesa haiwezi kulijua, nalo ni ukurasa upi mgeni hauhitaji tena. Mwaka 2002 Carl Waldspurger wa VMware alieleza mbinu ya puto: kiendeshi kidogo ndani ya mgeni, kikiamriwa na msimamizi, huomba kurasa kutoka kwa mfumo wake kana kwamba kinazihitaji, na mfumo, ukibanwa, huachia zile zenye manufaa madogo kwake, ambazo msimamizi huzichukua na kumpa mgeni mwingine. Puto likijazwa kupita kiasi, mgeni huhamishia diskini hata kurasa anazozitumia na kudorora. Lakini msimamizi anayenyang'anya bila kuuliza huweza kuondoa ukurasa uleule unaotakiwa sasa hivi.

Ndiyo maana KVM, programu ya usimamizi iliyoingia katika Linux mwaka 2007 ikitegemea nguvu ya prosesa, nayo hutumia puto: prosesa ilimpokea mgeni jembe la majedwali, lakini jembe la kuchagua cha kuachia limebaki mikononi mwake, kwa sababu yeye pekee ndiye anayejua thamani ya alichokishika.