Panda: Historia ya Haki ya Kuomba Kiwanja

Watu wa Kikula walipokuja ofisini na shauri la kiwanja, walikuja na karatasi mkononi, hata kama mchwa walikwisha kula nusu yake. Watu wa Panda walikuja na namba ya nyumba na namba ya kazi ya baba. Nimekuwa mpima ardhi katika komini zote nne za mji wa Likasi, Kongo, yaani Likasi yenyewe, Kikula, Shituru na Panda, na tofauti hiyo niliikuta kila mwaka wa kazi yangu. Mimi mwenyewe ni mtoto wa Panda. Baba alikuwa mfua vyuma katika karakana, na nyumba tuliyokua ndani yake haikuwahi kuwa yetu hata siku moja.

Kwa hiyo watu wanaponiuliza kwa nini maombi ya kujenga yamekuwa vurugu mjini kwetu, kwa nini ukuta unaota usiku mmoja katikati ya barabara iliyochorwa zamani, siwezi kuanza na utovu wa nidhamu wa siku hizi. Naanza na swali jingine: tangu mwanzo, nani aliruhusiwa kuomba?

Ardhi hii ilikuwa ya Wasanga, waliochimba na kuyeyusha shaba katika vilima hivi muda mrefu kabla Mbelgiji hajaiona. Tarehe 1 Julai 1885 Dola ya Mfalme Leopold II ilitoa amri kwamba ardhi isiyokaliwa ni mali ya Dola. Aliyeamua ipi inakaliwa na ipi haikaliwi ni Dola hiyo hiyo. Mwaka 1900 ikaundwa Comité Spécial du Katanga, ambayo wazee wetu waliifupisha CSK: theluthi mbili upande wa Dola, theluthi moja upande wa Compagnie du Katanga. Hadi mwaka 1910 CSK ndiyo iliyotawala Katanga, ikiwa na polisi wake, na hata baada ya hapo iliendelea kugawa na kuuza ardhi. Tarehe 28 Oktoba 1906 ilizaliwa Union Minière du Haut-Katanga, nayo ikapewa haki ya kuchimba hadi mwaka 1990. Watu waliotia sahihi mkataba ule walikuwa wakipanga ardhi ya wajukuu wa wajukuu wao.

Reli ilifika Elisabethville mwaka 1910 na Kambove mwaka 1913, na Panda ikawa mahali pa viwanda: maji yapo, reli ipo, madini yako jirani. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Union Minière ilikuwa na mtambo wa kuchenjua madini hapa, na mwaka 1929 kiwanda cha Shituru cha kusafisha shaba kwa umeme kikaanza kazi karibu yetu. Mji wenyewe ukapewa jina la Jadotville kwa heshima ya Jean Jadot, mkubwa wa Société Générale ya Ubelgiji. Panda ikabaki Panda.

Kambi ya wafanyakazi ndiyo moyo wa habari hii, na hapo nitakaa kidogo. Mwanzoni wafanyakazi walikuja kwa mikataba mifupi, walitoka Rhodesia ya Kaskazini, Angola, Kasai, baadaye Ruanda-Urundi, na wengi walikufa au kutoroka. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ikabadilisha mwendo. Ilitaka mwanamume mwenye mke, mwenye mkataba wa miaka mitatu, mwenye watoto watakaosoma shule ya wamisionari na kurudi kiwandani. Daktari Léopold Mottoulle alikuwa mtu mkubwa katika siasa hiyo. Ndipo zikajengwa nyumba za matofali kwa mistari, bomba la maji, zahanati, kantini ya posho. Sitasema nyumba zile zilikuwa mbaya. Nimepima misingi yake. Mafundi walijua kazi yao, na kuta nyingi bado zimesimama wima kuliko zilizojengwa juzi.

Lakini tazama namna mtu alivyoipata. Mkuu wa kambi aliangalia cheo cha kazi, idadi ya watoto na tabia, kisha akatoa nyumba. Mgeni akija kulala, aripotiwe. Ukifukuzwa kazi, unafukuzwa nyumba. Mume akifa, mama na watoto wanafunga mizigo. Hakuna aliyejaza fomu ya kuomba kuongeza chumba, maana chumba kikihitajika kampuni ingekiona yenyewe. Kambi ilikuwa ardhi ya kampuni, na kila kilichojengwa humo kilichorwa kwenye meza za kampuni. Jirani hakuulizwa, kwa sababu hata mwenye nyumba hakuulizwa.

Mdororo wa uchumi wa dunia ulipoanza, bei ya shaba ilianguka na maelfu ya wafanyakazi wakarudishwa makwao. Wengine walikataa kurudi. Walikuwa wamekwisha kuwa watu wa mji: washona nguo, wauza samaki, maseremala. Serikali ikaona lazima wapewe mahali, na amri ya tarehe 23 Novemba 1931 ikaanzisha makazi ya Waafrika nje ya mamlaka za kimila, yenye mkuu wake, baraza lake na mahakama yake. Kwetu hayo ndiyo Kikula. Huko mtu alipewa kiwanja, akajenga mwenyewe kwa tofali lake, akashika karatasi. Karatasi ile ilikuwa dhaifu, serikali ingeweza kuifuta, lakini ilikuwa na jina lake. Tofauti niliyoikuta ofisini nusu karne baadaye ilizaliwa hapo.

Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma, Jadotville na Elisabethville. Walidai mishahara, kwa sababu vita vilipandisha bei ya kila kitu. Tarehe 9 Desemba askari walifyatulia risasi umati katika uwanja wa mpira wa Elisabethville, na miongoni mwa waliouawa alikuwa Léonard Mpoyi, msemaji wao. Nautaja mgomo huu katika habari ya ardhi kwa sababu uliwaonyesha baba zetu jambo moja: aliyegoma alihatarisha mshahara na paa la watoto wake kwa pamoja. Mtu wa Kikula aliyekosana na mwajiri alirudi nyumbani kwake. Mtu wa Panda hakuwa na nyumbani pa kurudi.

Jadotville ilipata hadhi ya mji mwaka 1943, pamoja na kamati ya mji. Wajumbe waliteuliwa na serikali, hawakuchaguliwa, na kazi yao ilikuwa kutoa ushauri. Mwaka 1949 ikaja sheria ya mipango miji, kisha amri ya tarehe 20 Juni 1957, iliyotaka mji uwe na mpango na ujenzi upate kibali kabla ya jiwe la kwanza. Amri hiyo ya 1957 ilibaki msingi wa mipango miji ya Kongo muda mrefu baada ya uhuru, na watu waliojenga kumbi za harusi Likasi walisimama juu yake, wajue wasijue.

Mji wa wazungu ndio uliokuwa na maombi ya kweli: maduka ya Wagiriki na Waitalia, maghala, nyumba zenye veranda na kibanda cha mtumishi nyuma. Huko mtu alileta ramani, akajibiwa. Mwafrika alisubiri hadi amri ya tarehe 10 Februari 1953 ndipo sheria ikamruhusu kumiliki nyumba na ardhi mjini kwa jina lake, kama mali ya mtu binafsi. Hiyo ni miaka 7 tu kabla ya uhuru. Elisabethville, katika Katuba, serikali iliwakopesha watu vifaa wakajijengea, na mtaa mzima ukainuka kwa mikono ya wenyeji. Panda haikuonja hilo. Kwa nini mtu wa kambi akope bati, na bati liko juu ya kichwa chake bure? Naielewa hesabu ya wazee wetu. Posho ilikuja kila juma, king'ora kililia kwa wakati, mtoto alitibiwa. Bei yake haikuandikwa popote.

Desemba 1957 Waafrika wa Léopoldville, Elisabethville na Jadotville walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua madiwani wa komini. Wanaume tu. Nilikuwa mdogo, lakini mazungumzo ya watu wazima wakati ule nayakumbuka: kila mmoja alikuwa na jambo la kumwambia diwani. Maji, taa, njia ya kwenda sokoni. Sikumbuki hata mmoja aliyetaja nyumba aliyoishi.

Baada ya hapo mambo yalikimbia. Uhuru, kujitenga kwa Katanga Julai 1960, vita vya Septemba 1961 ambapo askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa walizingirwa hapa Jadotville. CSK ilivunjwa. Mwaka 1966 mji ukarudi kuitwa Likasi, na mwezi Juni mwaka huo sheria ya Bakajika ikairudishia Dola ardhi na madini yote. Mwaka 1967 mali za Union Minière zilitaifishwa, na kampuni iliyokuja kuitwa Gécamines ikarithi migodi, viwanda na kambi. Tarehe 20 Julai 1973 sheria mpya ya ardhi ikasema ardhi yote ni mali ya Dola isiyoweza kuuzwa, na Mkongo anaweza kupewa haki ya kudumu juu ya kiwanja, haki hiyo ikithibitishwa kwa cheti cha usajili.

Nilipoisoma sheria hiyo kwa mara ya kwanza nilifurahi sana. Kisha nikaanza kazi, nikaona inavyopita Panda bila kugusa. Cheti kinataka mtu aliyeomba, kiwanja kilichopimwa, mawe ya mpaka na faili. Kambini kulikuwa na ramani moja ya kampuni na maelfu ya watu ndani yake. Dola ilikuwa mwenye ardhi, kampuni ya Dola ikawa mwenye nyumba, na mkaaji akabaki mkaaji.

Mwaka 1992 nautaja kwa uchungu. Watu wa asili ya Kasai, wengi wao wajukuu wa wale walioletwa na Union Minière, walifukuzwa majumbani. Maelfu walilala katika kituo cha reli cha Likasi miezi na miezi wakisubiri treni. Nyumba zao ziliuzwa kwa bei ya kutupa, au zilichukuliwa tu. Kila ninapofungua faili ya miaka ile na kuona jina limekatwa kwa kalamu na lingine limeandikwa juu yake, najua kuna familia Mbuji-Mayi au Kananga inayokumbuka mwembe wa ua ule. Hakuna mipango miji ya haki Likasi itakayoweza kuyaruka mafaili hayo.

Kampuni nayo ilikuwa ikianguka. Mgodi wake wa Kamoto ulibomoka mwaka 1990, uzalishaji wa Gécamines ukaporomoka, mishahara ikachelewa kwa miezi mingi. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 waliondolewa kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Na hapo watu wa kambi walianza kufanya ambacho hawakuwahi kufanya: kujenga. Dirisha la mbele likawa duka. Ua ukapata vyumba viwili vya kupangisha. Kanisa likasimama kwenye uwanja ambao watoto walichezea mpira, na kiwanja kikakatwa juu ya bomba la maji taka. Nimetumwa kupima baadhi ya vipande hivyo na kukuta wanunuzi watatu, kila mmoja na karatasi yenye mhuri halisi.

Mjini Nairobi, anayetaka kubadilisha matumizi ya kiwanja hutakiwa kutangaza gazetini na kusimika ubao pale pale, ili jirani apate kupinga. Miji mingi ya Marekani ina tume inayosikiliza maombi hadharani, na mtu wa kawaida husimama akasema lake. Najua tangazo linaweza kubandikwa mahali lisipoonekana, na tume inaweza kununuliwa. Hata hivyo jirani wa Nairobi ana kitu cha kushika. Kwetu maombi huzunguka kati ya ofisi ya mipango miji, kadasta (ofisi ya upimaji ardhi) na msajili wa hati, na jirani hujua pale trekta linapofika.

Ninachotaka kwa Panda kinawezekana mwaka huu. Michoro ya zamani ya kambi itolewe nakala na ibandikwe komini, mabomba, mifereji na viwanja vya wazi vikionekana, ili mtu amuonyeshe burgumestre, mkuu wa komini, kwa kidole. Wajane na wastaafu wanaoishi katika nyumba zile wapimiwe kwanza, kabla ya mnunuzi yeyote kutoka nje, na gharama ya kupima isizidi uwezo wa pensheni. Na kila ombi la kukata kiwanja cha wazi lisomwe kwa sauti katika mtaa wenyewe, siku ya Jumapili watu wakitoka kanisani, kwa Kiswahili, na majina ya waliopinga yaandikwe ndani ya faili. Vijana wa kadasta wanazo mashine za kupimia kwa setilaiti. Kazi iliyonichukua wiki nzima na mnyororo wao huimaliza asubuhi moja. Waanze na mistari ya nyumba iliyo karibu na karakana, ambako wazee waliobaki bado wanakumbuka kila ua uliishia wapi.